Ufyonzaji wa mionzi ya simu kichwani

Ufyonzaji wa mionzi ya simu kichwani ni hali ya ngozi, misuli na ubongo kupokea sehemu ya nishati ya mawimbi ya redio yanayotoka kwenye antena ya simu ya mkononi, na kuigeuza kuwa joto. Mawimbi hayo, ya masafa kama megahezi 900 na 1,800, hayana nguvu ya kuvunja chembe za urithi kama ilivyo kwa eksirei. Kazi yake ni kutikisa molekuli za maji, ndiyo maana ubongo na misuli hufyonza zaidi kuliko mfupa na mafuta. Nishati nyingi huishia sentimita chache ndani ya kichwa, upande ule ule simu ilipo.

Kipimo chake ni wati kwa kila kilo ya mwili. Miongozo ya kimataifa inaweka kikomo cha wati 2 kichwani, wastani ukichukuliwa katika gramu 10 za mwili. Marekani hutumia 1.6 katika gramu 1. Simu hupimwa kwa kichwa bandia kilichojazwa kimiminika, chenye umbo lililotokana na vichwa vikubwa vya wanajeshi wa Marekani. Fuvu la mtoto ni jembamba na lina majimaji zaidi, hivyo huenda kipimo hicho hakimwelezi vya kutosha.

Kiwango kinachotolewa na mtengenezaji hupimwa simu ikitoa nguvu yake ya juu kabisa, lakini simu haifanyi hivyo muda wote. Mnara huiamuru ipunguze au iongeze nguvu kulingana na mawasiliano yalivyo. Simu ya kizazi cha pili, kama kitochi, inaweza kutoka wati 2 ikashuka hadi miliwati chache.

Hapo ndipo jiografia ya Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, kusini mwa Tanzania, inapoingia. Milima ya Umatengo imejaa mabonde na migongo, kisha ardhi inaporomoka kuelekea Mbamba Bay, Liuli na Lituhi. Kilima kikikaa kati ya simu na mnara, mtandao unasumbua, na simu huongeza nguvu ili isikike. Anayepiga simu bondeni anaweza kufyonza mara nyingi zaidi ya aliye mjini Mbinga karibu na mnara, ingawa simu ni ile ile. Ziwani hakuna kilima. Umbali ndio huamua.

Kwa hiyo hofu ya mnara, ambayo inaeleweka, imeelekezwa pasipostahili. Mawimbi ya mnara yanapomfikia mtu aliye chini yamekwisha kutawanyika na kudhoofika, wakati simu imebanwa sikioni. Mnara wa karibu hupunguza mionzi inayoingia kichwani. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ndiyo hukagua mionzi ya minara.

Mwaka 2011 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliyaweka mawimbi haya katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Mapitio ya tafiti yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani, yaliyotolewa mwaka 2024, hayakuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo. Joto linalohisiwa sikioni baada ya maongezi marefu hutoka zaidi kwenye betri na kwenye ngozi iliyokosa hewa.

Kutuma meseji au pesa hakuiweki simu kichwani kabisa. Mtandao ukiwa chini, weka spika au tumia hedifoni, au panda mlimani kwanza ndipo upige. Na maongezi ya mtoto yawe mafupi.