SAFU YA LUGHA: Butani

Mtungi wa gesi ya kupikia hubeba propani na butani. Majina haya yana hesabu ndani yake. Mwanzo wa jina hutaja idadi ya kaboni: meth- ni moja, eth- mbili, prop- tatu, but- nne. Kuanzia tano, pent-, Kigiriki huhesabu chenyewe. But- ilitoka kwenye neno la Kilatini la siagi, kwa kuwa asidi yenye kaboni nne ilipatikana katika siagi iliyochacha.

Mwisho wa jina hueleza tabia. Kwenye -ani, kaboni zimeshikana kwa vifungo vya mojamoja. -Eni hudokeza kifungo maradufu. -Oli ni alkoholi. Namba ya katikati huonyesha mahali: butani-2-oli ina kundi la alkoholi kwenye kaboni ya pili, ikihesabiwa kutoka ncha iliyo karibu.

Misingi ya utaratibu huu iliwekwa na wanakemia mjini Geneva mwaka 1892; leo unasimamiwa na IUPAC, muungano wa kimataifa wa kemia. Usipuuze silabi ya kwanza: ethanoli ndiyo kileo cha bia, methanoli hupofusha na kuua.