KIKULACHO KI NGUONI MWAKO: HISTORIA FUPI YA KUSAFISHA MAGANDA YA RISASI

Neno shaba katika lugha yetu hubeba metali mbili zisizofanana. Shaba nyekundu ni metali moja safi, kama ile iliyoyeyushwa Lubumbashi kwa mara ya kwanza mwaka 1911 katika tanuri za Union Minière. Shaba ya manjano ni mchanganyiko: katika maganda ya risasi, mafungu 70 ya shaba nyekundu huungana na mafungu 30 ya zinki. Mwenye kusema husema shaba tu, na msikilizaji huelewa kwa muktadha. Lakini tofauti hiyo imewagharimu watu wengi, na katika makala hii tungependa kuonyesha jinsi walivyojifunza kuitambua kwa kupitia jambo linaloonekana dogo: kutunza na kusafisha ganda la risasi.

Ganda ni kikopo kidogo kinachobeba vitu vitatu: fataki kitakoni, baruti tumboni, na risasi mdomoni. Bunduki ikilia, vitu hivyo vitatu huteketea au huenda zao. Ganda peke yake hubaki. Kwa kuwa ndilo lenye kazi nyingi kulitengeneza, watu walianza mapema kuliokota, kulisafisha na kulijaza tena. Wawindaji wa nyati katika mbuga za Marekani, miaka ya 1870, walifanya hivyo jioni kando ya moto, maana maduka yalikuwa mbali. Adui yao aliyejulikana alikuwa masizi ya baruti nyeusi. Masizi hayo yana chumvi zinazovuta unyevu wa hewa, na unyevu ukikaa ndani huila metali. Dawa yake ilikuwa rahisi: kuosha ganda mapema kwa maji ya moto na sabuni, kisha kulikausha vema.

Hata hivyo, masizi huonekana kwa macho. Historia inatufundisha kwamba maadui wabaya zaidi hawakuonekana, tena waliletwa na mwenye ganda mwenyewe.

Wa kwanza alikuwa mkanda. Katika miaka hiyo hiyo, jeshi la Marekani lilitumia maganda ya shaba nyekundu, na askari walipanga risasi zao katika vitanzi vya ngozi kiunoni. Ngozi iliyolainishwa kwa magome ya miti hubaki na asidi ya tanini, nayo huamsha kutu ya kijani juu ya shaba. Kutu hiyo hunata. Bunduki ikishapata moto, ganda chafu liligandamana na chumba chake, kulabu ya kulitolea ikararua ukingo wake, na askari akalazimika kulichokoa kwa kisu huku adui akimkaribia. Baada ya mapigano ya Little Bighorn, tarehe 25 na 26 Juni 1876, ambamo George Custer aliuawa pamoja na askari wote wa kundi alilokuwa akiliongoza, lawama nyingi ziliangukia maganda hayo. Tusizikubali upesi. Wanaakiolojia waliochimba uwanja huo tangu mwaka 1984 walikuta kwamba maganda yenye alama za kuchokolewa ni machache. Ushindi ulikuwa wa Walakota, Wacheyenne na washirika wao, si wa kutu. Lakini kasoro yenyewe ilikuwa ya kweli, na jeshi liliitibu kwa njia mbili: vitanzi vya kitambaa, ambavyo ofisa Anson Mills alijitahidi sana kuvieneza, na baadaye maganda ya shaba ya manjano, ambayo hutanuka na kunywea vizuri kuliko shaba nyekundu.

Adui wa pili alikuwa ndani ya fataki. Mwingereza Edward Howard alieleza mwaka 1800 jinsi ya kupata fulminati ya zebaki, na baadaye kemikali hiyo ikawa moyo wa fataki. Wakati wa baruti nyeusi haikudhuru sana, kwani masizi mengi yaliichukua zebaki na maji yakaiosha. Kisha Ufaransa ikaanza kutumia baruti isiyo na moshi katika bunduki ya Lebel ya mwaka 1886, na mataifa mengine yakafuata. Maganda sasa yalitoka karibu safi. Watu walifurahi, lakini zebaki iliyokosa masizi ya kuishika ilipenya ndani ya shaba ya manjano na kuifanya iwe dhaifu kama kigae. Ganda lililong'aa lilipasuka lilipojazwa tena. Hapo hakuna kuosha kulikofaa. Ilibidi fataki yenyewe ibadilishwe.

Adui wa tatu alipatikana Bara Hindi. Jeshi la Uingereza liliona kwamba risasi zilizowekwa karibu na farasi, majira ya mvua za masika, zilipata nyufa ingawa hazikuwa zimefyatuliwa. Sababu ilielezwa na Moore, Beckinsale na Mallinson mwaka 1921. Mkojo wa farasi hutoa amonia; amonia pamoja na unyevu hushambulia shaba ya manjano mahali ambapo metali bado ina mkazo uliobaki tangu ilipovutwa kiwandani. Methali hutuagiza kuziba ufa ili tusije tukajenga ukuta, lakini ufa wa ganda hauzibiki: ganda hilo hutupwa.

Kutokana na historia hiyo, makosa ya kawaida ya wasafishaji yanaeleweka bila kukariri kanuni. Anayesugua ganda kwa dawa ya kung'arishia yenye amonia analirudisha katika zizi la farasi. Anayeliacha katika asidi kali muda mrefu anaondoa zinki, na rangi ya waridi inayojitokeza ni dalili kwamba shaba nyekundu imebaki peke yake. Anayelikausha kwa moto mkali analainisha kitako, yaani sehemu inayopaswa kustahimili nguvu kubwa kuliko zote. Gesi ya moto ikitoka hapo, huelekea usoni mwa mpigaji. Na anayelisugua kavu bila kujikinga avute pumzi kwa hadhari, maana fataki nyingi zilizotumika baada ya zebaki zina risasi nyeusi, yaani plumbi, na vumbi lake ni sumu.

Tukihitimisha, tunaona kwamba kung'aa si usafi. Ganda jeusi lenye afya lafaa kuliko ganda linalong'aa lenye ufa. Kwa Wakongo jambo hili halitoki mbali. Mgodi wa Kipushi, ulioanza kazi miaka ya 1920, umejulikana kwa shaba na zinki pamoja, yaani wazazi wote wawili wa shaba ya manjano. Tumewachimba kutoka udongo mmoja, kisha tukawaacha wakae katika neno moja. Wanafunzi watakaoandika istilahi za metali kwa Kiswahili wasiogope kuwatenganisha: waliokosa kuwatofautisha walijifunza kwa kisu mkononi.