Lango la Brookfield: Historia Fupi ya The Archers

Juni 1948, mjini Birmingham, watu wa BBC waliwakusanya wakulima wawaulize redio iwafanyie nini. Mkutano ulipooza mpaka aliposimama Henry Burtt, mkulima wa Lincolnshire, akasema wanamtaka Dick Barton wa mashambani. Dick Barton alikuwa mpelelezi wa redio aliyewaweka Waingereza roho juu kila jioni. Watu walicheka. Godfrey Baseley, mwanzilishi wa The Archers, mchezo wetu wa redio, hakulisahau neno lile.

Chakula kilikuwa bado cha mgao, na serikali ilitaka mashamba yazae zaidi. Lakini nani kampenda mtu wa kumhutubia kuhusu mbolea? Baseley akawachukua Geoffrey Webb na Edward J. Mason, walewale waandishi wa Dick Barton. Wakazua kijiji cha Ambridge, shamba la Brookfield, mzee Dan Archer na bibi Doris, na ushauri wa kilimo ukapenyezwa kwenye maongezi ya jikoni. Waliolelewa na mchezo wa redio wa Twende na Wakati wanaijua mbinu hiyo. Majaribio yalifanyika 1950. Tarehe 1 Januari 1951 nchi nzima ikasikia. Na ile sauti ya lango la shamba linalolia kwenye bawaba? Ni ya meza kuukuu ya kupigia pasi!

Tarehe 22 Septemba 1955, usiku televisheni pinzani ya ITV ilipofunguliwa, Grace, mke wa Phil, mwana wa Dan Archer, alikufa akimwokoa farasi kwenye moto. Wasikilizaji walikuwa kama milioni 20, na simu za BBC hazikutulia. Ysanne Churchman, aliyemwigiza, alikuja kusema baadaye kwamba Grace aliuawa kwa sababu yeye alikuwa amedai kulipwa sawa na wanaume. Mambo ya ndani hayo, tusiyafukue.

Wafanyakazi wa Ambridge nao walikuwa na yao: miaka ya 1970 mkamuaji Mike Tucker alisimama na chama cha vibarua wa mashambani, na sisi wasikilizaji tulimpenda kwa ukaidi wake.

Yaliyofuata ni mengi: kibarua Jethro Larkin kuuawa na tawi la mti, 1987, akina Grundy kufukuzwa shamba la kupanga, 2000, ugonjwa wa miguu na midomo, 2001, kesi ya mwanakijiji Helen, 2016, mwigizaji June Spencer kustaafu akiwa na miaka 103, 2022.

Mwigizaji Norman Painting alikuwa Phil tangu majaribio ya 1950. Alirekodi mara ya mwisho siku mbili kabla ya kufariki, Oktoba 2009.