Mustang au Datsun 240Z? Mafuta Yalipokauka Ndipo Watu Walipojua
Mwaka 1970, kijana wa Marekani mwenye dola 3,500 hivi alikuwa na mtihani: Mustang ya V8 au Datsun 240Z ya Mjapani? Mustang ilikuwa na mngurumo wa kutetemesha mtaa mzima, na spea zake zilijaa kila kona. Datsun, silinda 6, lita 2.4, ilikuwa nyepesi na inakata kona balaa. Ubovu wake? Kutu! Kwenye majimbo wanakomwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, bodi ililiwa vibaya. Halafu Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikazuia mafuta kwenda Marekani. Kwenye foleni ya sheli, mwenye V8 akaanza kumtazama jirani wa Datsun kwa jicho jingine. Bahati ya Ford, Mustang ya 1974 ilishapunguzwa mwili, na V8 haikuwemo kabisa.