Mistari Isiyolingana

Jioni moja katika miaka ya 1780, mjini Philadelphia, Francis Hopkinson alikaa mlangoni kwake akaitazama taa ya barabarani kupitia leso ya hariri. Nyuzi zilionekana nene kama waya. Akaisogeza leso kushoto na kulia, lakini mistari myeusi haikusogea. Bwana huyu alitia saini Azimio la Uhuru la Marekani, ila mimi namheshimu zaidi kwa leso hiyo. Alimwandikia David Rittenhouse, mwanaastronomia na fundi saa, naye akatandaza nywele zipatazo 50 juu ya skrubu mbili nyembamba, akatazama mwanya wa mwanga dirishani. Akaona mistari mitatu inayong'aa karibu sawa, na kila upande mingine minne iliyofifia.

Nafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita, na huko kufifia ndiko ninakowakazia wanafunzi. Jaribu mwenyewe: fungua mwavuli usiku, tazama taa ya mbali kupitia kitambaa chake. Nukta hujipanga msalaba, ya katikati kali, za pembeni hafifu. Mawimbi yaliyopita kwenye matundu yanapokutana, upande mmoja yanasaidiana, mwingine yanafutana. Matundu yote ni sawa, nukta si sawa.

Kwa muda mrefu hilo halikumsumbua mtu, maana kazi ya safu kama hizo za nyuzi au mistari ilikuwa kutenganisha rangi za mwanga. Joseph Fraunhofer wa Bavaria alianza na nyaya mwaka 1821, kisha akahamia kwenye mistari iliyochorwa kwa almasi. Bingwa wa uchoraji huo, kwangu mimi, ni Henry Rowland wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore. Mashine yake ya miaka ya 1880 ilichora mistari zaidi ya 14,000 katika kila inchi, ikiwa imefungiwa chini ya jengo ili joto lisipande wala kushuka. Roho ya mashine ile ilikuwa skrubu. Skrubu yenye kasoro inayojirudia kila mzunguko huchora mistari inayokosea kwa zamu, na kando ya kila mstari halisi wa rangi hutokea mistari bandia, mizuka ya Rowland. Mistari kulingana ikawa dini.

Mwaka 1960 ikaja leza, haja ikabadilika. Leza ina rangi moja. Kuna nini cha kutenganisha? Mwenye leza anataka kuugawa mwale wake uwe mingi yenye nguvu sawa, atoboe matundu kadhaa kwa mpigo mmoja au anakili picha ileile mara nyingi. Mwaka 1971, Hans Dammann na mwenzake Görtler, wa maabara ya Philips mjini Hamburg, walifanya kitu ambacho Rowland angekiita kufuru: walivuruga mistari makusudi. Mchoro wao hujirudia kwa kipimo kilekile, lakini ndani ya kila kipimo kingo za mifereji zinakaa kwa nafasi zisizolingana, zilizotafutwa kwa hesabu. Mwanga unaopita kwenye mfereji hupishana na wa jirani kwa nusu wimbi. Kingo zikikaa mahali pake, nukta ya katikati inapungua, za pembeni zinapanda, mpaka zote zinang'aa sawa.

Kwa leza ya kijani ya nanomita 532 na kioo cha kawaida, mfereji una kina cha nanomita 530 hivi. Mchoro ukijirudia kila milimita 0.1, na nyuma yake kuna lenzi yenye urefu fokasi wa milimita 100, nukta hukusanyika kwenye fokasi zikiachana kwa milimita 0.53. Ukitaka zisogeleane, panua mchoro. Hapo darasa hubisha kila mwaka, nami nawaacha wabishe mpaka wakokotoe.

Kifaa cha michezo cha Kinect, kilichotoka mwaka 2010, kilimwaga sebuleni maelfu ya nukta za infraredi kwa ufundi huohuo wa mifereji, ili kamera ipime umbali kwa kuangalia kila nukta imehama kiasi gani. Safari hii zilizovurugwa makusudi ni nukta zenyewe. Zingekuwa safu nadhifu kama za Dammann, kamera isingeweza kutofautisha nukta moja na jirani yake.