Kichaka na Mnazi Pembeni mwa Dar es Salaam

Kariakoo ilipata jina lake kwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Uingereza, Carrier Corps, baada ya Waingereza kuutwaa mji wa Dar es Salaam Septemba 1916. Kabla ya hapo sehemu zile zilikuwa na minazi mingi, na bonde la jirani la Msimbazi lilifaa mpunga.

Wazaramo walilima kwa jembe la mkono. Wakati wa kiangazi walifyeka kichaka, wakakichoma, wakangoja masika, ambayo hunyesha Machi hata Mei. Mpunga uliwekwa bondeni. Mihogo, kunde na mtama katika mchanga wa juu, aghalabu pamoja katika shamba moja. Mavuno yakikaribia, watoto walikwea dungu kufukuza ndege, na usiku wakubwa walikesha kwa ajili ya nguruwe, mgeni asiyekosa karamu. Nguvu ya ardhi ikipungua, shamba liliachwa lirudi kichaka, lipumzike.

Mapumziko hayo yalikuwa elimu, lakini yalileta hasara. Amri ya Wajerumani ya 26 Novemba 1895 iliifanya ardhi isiyo na mwenyewe kuwa mali ya serikali, na machoni pa mgeni shamba lililopumzishwa lilikuwa pori tupu. Mnazi haukuweza kukanwa hivyo. Kwa desturi ya pwani mti huwa na mwenyewe mbali na ardhi, tena hurithiwa na huwekwa rehani. Huanza kuzaa baada ya miaka 6 hivi, na huweza kuishi zaidi ya 60. Kwa hiyo mwenye minazi alikuwa na cha kuonyesha mji ulipopanuka. Mwenye kichaka alikuwa na maneno tu.