Ukipiga Simu ya Dharura, Ni Nani Atakayekuja?

Leo tuna swali moja. Mtu wa nyumbani kwako akipatwa na shida ya akili usiku wa manane, akawa anapiga kelele, anavunja vyombo au anasema anataka kujiua, utampigia nani simu? Na huyo utakayempigia, atamtuma nani?

Nyumba ikishika moto, twajua wa kuitwa ni wazima moto. Mtu akigongwa na gari, tunatafuta ambulensi. Lakini akili ikiugua, wengi wetu huita majirani waje na kamba, na wakishindwa tunaita polisi. Jambo hili si la Kenya peke yake. Hata nchi zenye magari na simu nyingi zilianza hivyo hivyo. Hebu tufuate historia yake, tuone walijikwaa wapi na walijifunza nini.

Mwaka 1935, nyumba moja iliungua katika mtaa wa Wimpole, London, na wanawake 5 wakafa. Jirani aliyepiga simu aliwekwa kungoja kama wapigaji wengine. Kwa sababu hiyo, tarehe 30 Juni 1937, London ilianzisha namba 999, ambayo sisi Kenya pia twaijua. Marekani nayo ilipata namba yake, 911, tarehe 16 Februari 1968, katika mji mdogo wa Haleyville, Alabama.

Sasa mwangalie yule anayepokea simu hiyo. Yeye hana gari wala dawa. Kazi yake ni kusikiliza, kuuliza na kuamua nani atumwe. Lakini kwa miaka mingi alikuwa na milango mitatu tu mbele yake: polisi, wazima moto na ambulensi. Shida ya akili haikuwa na mlango wake. Basi mara nyingi ilisukumwa kwa polisi, watu waliofunzwa kukamata wahalifu.

Matokeo yake yalionekana mjini Memphis, Tennessee, mwezi wa Septemba 1987. Mama mmoja alipiga 911 kwa ajili ya mwanawe wa miaka 27, aliyekuwa mgonjwa wa akili. Kijana alikuwa na kisu na alikuwa akijikata mwenyewe. Polisi walifika, wakamwamuru aweke kisu chini. Hakutii. Walimpiga risasi, akafa. Mama aliita msaada, akaletewa mauti.

Mji mzima ulisikitika. Mwaka 1988, polisi wa Memphis, chuo kikuu na jamaa za wagonjwa waliketi pamoja wakaunda mpango mpya. Afisa Sam Cochran wa polisi na mwanasaikolojia Randolph Dupont walikuwa miongoni mwa waliouongoza. Polisi waliojitolea walifunzwa saa 40 jinsi ya kuzungumza na mgonjwa na kutuliza mambo. Wapokeaji simu nao walifunzwa, ili waitambue simu ya aina hiyo na kumtuma polisi aliyefunzwa. Hospitali ikakubali kumpokea mgonjwa bila kumkawiza polisi mlangoni. Kama simu, gari na hospitali havikuungana, mafunzo hayo yangesaidia nini?

Hata hivyo, aliyekuja bado alikuwa polisi mwenye bunduki. Mji mwingine ulijaribu njia nyingine. Huko Eugene, jimbo la Oregon, kulikuwa na kliniki ya jamii iitwayo White Bird, iliyoanzishwa mwaka 1969. Mwaka 1989 kliniki hiyo ilikubaliana na mji, ikaanza huduma iliyoitwa CAHOOTS. Gari moja, lenye umbo kama la matatu, lilibeba watu wawili: muuguzi au mhudumu wa ambulensi, pamoja na mshauri aliyezoea kushughulikia watu waliofadhaika. Hawakuvaa sare, wala hawakubeba silaha.

Je, simu zilifikaje kwao? Hapa ndipo penye siri yote, msikilizaji. Mwananchi alipiga zile zile namba za kawaida za polisi na dharura. Mpokeaji simu alipoona hakuna uhalifu wala hatari kubwa, aliwaita CAHOOTS kwa redio ya polisi. Na wao wakikuta hatari imezidi, waliita polisi kwa redio hiyo hiyo. Mwaka 2019 walipokea simu kama 24,000. Waliohitaji polisi wa kuwasaidia hawakufika 2 kati ya kila 100.

Miji mingine iliiga. Mwezi wa Juni 2020, Denver ilianza huduma yake iitwayo STAR. Katika miezi 6 ya kwanza ilihudumia simu 748, na hakuna hata mtu mmoja aliyekamatwa. Mwezi wa Februari 2021, mji wa Austin, Texas, ulibadilisha swali la kwanza la mpokeaji simu. Zamani aliuliza kama unataka polisi, wazima moto au ambulensi. Sasa akaongeza: au huduma ya afya ya akili? Ule mlango wa nne ukafunguliwa kwa maneno machache tu. Tarehe 16 Julai 2022, Marekani nzima ikapata namba 988, ya watu wenye mawazo ya kujiua au dhiki ya akili.

Lakini usidhani kila kitu kilinyooka. Tarehe 7 Aprili 2025, CAHOOTS iliacha kuhudumia mji wa Eugene. Kliniki ilikuwa na upungufu wa fedha, na mkataba wake na mji ukafika mwisho. Wananchi waliozoea gari lile kwa zaidi ya miaka 35 ikabidi wajifunze upya nani wa kuitwa. Huduma njema bila fedha za kudumu ni kama taa bila mafuta.

Sasa turudi nyumbani. Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910, na kwa miaka mingi safari ya kufika huko ilipitia mikononi mwa polisi. Sheria yetu ya Afya ya Akili ya mwaka 1989, mwaka ule ule ambao gari la Eugene lilianza kazi, ilimpa polisi uwezo wa kumchukua mgonjwa na kumfikisha hospitalini. Tena, sheria ya jinai ilimhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Nani angepiga simu, akijua mwanawe atatoka hospitalini aende kortini?

Mambo yameanza kubadilika. Mwaka 2022 sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa, na serikali za kaunti zikapewa wajibu wa kutoa huduma hizi. Mwezi wa Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kuwa kumshtaki mtu kwa kujaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Hofu moja imepungua. Kazi iliyobaki ni kuunganisha: simu, gari, mtu aliyefunzwa na kitanda cha hospitali. Diwani wako akija kuomba maoni kuhusu bajeti ya kaunti, muulize: mgonjwa wa akili akipigiwa simu, ni nani anayetumwa?

Wakati tukingoja hayo, heri kujenga kabla ya mvua. Kama una mgonjwa nyumbani, fanya haya leo.

Kwanza, andika namba ya kliniki anayotibiwa, ya mhudumu wa afya ya jamii, na ya mtu ambaye mgonjwa humsikiliza. Shirika la Msalaba Mwekundu lina namba 1199, ya bure, ya kuzungumza na mshauri.

Pili, ukipiga simu, neno la kwanza liwe hili: huyu ni mgonjwa. Taja ugonjwa wake na dawa anazotumia.

Tatu, sema ukweli kuhusu silaha. Kama ana panga, sema. Kama hana chochote, sema pia. Anayekuja akijua, hatakuja na hofu.

Nne, wakifika, walaki nje. Waeleze kinachomtuliza na kinachomchokoza. Waambie watu waliokusanyika warudi nyuma.

Mpenzi msikilizaji, yule mama wa Memphis hakukosa simu, na simu yake ilipokelewa. Kilichokosekana ni mtu anayefaa kutumwa. Kaa na jamaa yako jioni hii mkubaliane: siku ikifika, tutamwita nani, na tutamwambia nini? Jibuni sasa, kukiwa kimya.